Hapa Kukonda ni Bure

Thika,
9 Januari 1956

Kwa wifi yangu Gathoni,

Pokea salamu zetu, wewe na mtoto wako Wangeci. Sisi hatujambo. Wamboi ameanza shule na anajua kuandika jina lake mpaka katikati. Gathogo alishikwa na surua, imekwisha. Ndinda alibatizwa siku ya Krismasi, na ndiye huyo unayemwona kwenye picha ninayokutumia. Najua ulinyimwa pasi ya kuja. Na mimi nilipokuja Ruiru mwezi wa kumi, askari wa lango la shamba lenu alinirudisha na mayai yangu mkononi.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kikuyu changu ni cha kusema tu, nikikiandika kinageuka Kikamba. Tena ulisema karani wenu Boaz husoma barua zote kabla hazijakufikia, na Kiswahili anakisoma upesi. Boaz, habari yako.

Sasa jambo lenyewe. Mpiga picha alipoileta hiyo picha nilimwambia amekosea nyumba. Nilimwona mwanamke amejaa kiti chote, shingo haipo, mtoto amezama mapajani. Kisha nikamtambua mtoto. Nyumbani hatuna kioo ila kile kidogo cha kaka yako cha kunyolea, na hicho huonyesha jicho moja moja. Sikuwa nimejua.

Kuna neno sijawahi kukuambia. Siku askari walipomchukua kaka yako Kagwe hapa uwanjani kwenda kizuizini, lori lilipoanza kuondoka, alisimama katikati ya wenzake akapiga kelele, "Mama Wamboi! Siku nitakayorudi, vaa ile gauni ya buluu, nikujue kwa mbali!" Watu walicheka. Hata askari mmoja alicheka. Nilikuwa na mimba ya Ndinda, miezi minne, na gauni lilikuwa bado linafunga. Alilinunua mwenyewe mwaka alipofungua kibanda chake cha kushona viatu, na unajua yeye hanunui kitu.

Jana nimelijaribu. Halipiti mabegani. Sikulia, nililikunja nikalirudisha sandukuni nikaenda kuchota maji. Siku hizi mambo hupita mbele yangu nami nayatazama tu. Lakini hili nimeliamua. Hata kama ni kwa pesa, nitakonda, ili akirudi amkute yule aliyemwacha.

Ni mimi, wifi yako,
Syombua

*

Ruiru,
20 Februari 1956

Kwako Mama Wamboi, mke wa kaka yangu,

Salamu. Mimi mzima, Wangeci anakohoa. Asubuhi tunapalilia kahawa ya bwana, mchana tunachimba handaki la kuzunguka laini za vibanda vyetu, na hilo la mchana hatulipwi. Barua yako ilikaa kwa Boaz wiki tatu. Anasema alikuwa na kazi nyingi. Nadhani alikuwa akitazama picha, maana imekuja na alama ya kidole gumba shavuni mwako, na nafasi ya kuweka kidole ilikuwepo.

Ai, Syombua! Mtu akikuona hivyo hatajua kama nchi hii ina taabu. Hayo mashavu ni njahi zangu, yale maharage meusi. Ulipojifungua Ndinda nilisimama siku mbili mlangoni kwa bwana ofisa nikiomba pasi, nikaja kwako na kiondo cha njahi mgongoni na mafuta ya kondoo kwenye chupa. Wewe ni Mkamba lakini hili unalijua sasa: kwetu mke wa kaka akizaa, ni sisi wa kumlisha njahi mpaka anone, na asiponona aibu ni yetu, tunasemwa mpaka kisimani. Nilikulisha peke yangu kwa sababu nimebaki peke yangu. Mume wangu aliaga kabla ya taabu hizi, mama yetu naye amelala, nawe una jina lake kwa binti yako. Zile njahi zilikuwa za mwisho nilizofukia kabla hatujahamishiwa kwenye laini. Sikukuambia.

Kwa hiyo usiniambie utakonda. Unataka kuzitupa?

Kama una pesa ya kutoa, naomba blanketi moja. Letu limebaki nyuzi, na mimi na Wangeci tunajifunika magunia ya kahawa. Hata likiwa kuukuu, mradi lizuie upepo.

Wifi yako,
Gathoni

*

Thika,
16 Aprili 1956

Kwa wifi yangu Gathoni,

Nimefurahi kupata barua yako. Wangeci apone. Sisi wazima, mvua imeanza na chumba chetu kinavuja upande wa Gathogo, kwa hiyo analala upande wangu. Kiwandani kazi ni ile ile, tunamenya mananasi tumesimama, na maji yake yanakula vidole. Wenzangu wanasema mananasi hukondesha. Mimi nimeyala miaka miwili, na picha umeiona.

Nimepata mtu wa kunisaidia. Anaitwa Magdalene, aliwahi kufagia hospitali moja huko Nairobi na sasa anauza dawa sokoni. Amenishika tumbo, amenishika mikono, akasema hayo si mafuta, ni uzazi uliokosa kutoka. Amenipa chumvi ya haluli, kijiko kila alfajiri kabla sijala kitu, na juu yake maji ya moto yenye ndimu. Kila nikipokea mshahara napita kwake. Hauzi ghali, lakini hauzi mara moja.

Haluli inafanya kazi, hilo siwezi kukataa. Msimamizi wetu, mzee Muasya, ameniuliza kama nimeajiriwa na kiwanda au na choo. Nilimwambia vyote viwili.

Nilimpelekea Urbanus fundi wa cherehani lile gauni alipanue. Aligeuza mishono yote, akasema ndani hakuna kitambaa hata cha kufunga kidole. "Mama, hapa wa kupunguzwa ni wewe, si nguo ya kuongezwa." Nikamlipa kwa kulitazama.

Uliuliza kama nataka kuzitupa njahi zako. Nilizila, zilikuwa tamu, asante. Lakini mwenye gauni akirudi hatauliza njahi.

Ni mimi,
Syombua

*

Ruiru,
3 Juni 1956

Mama Wamboi,

Salamu kwa watoto, mwambie Wamboi shangazi yake anamsubiri amalize hilo jina.

Nimesoma habari za Magdalene mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani Kiswahili changu kimenipotosha. Unamlipa mtu ili uharishe?

Hapa kukonda ni bure. Hakuna anayetulipisha hata senti. Njoo tu uandikishwe kwenye laini, ule kibaba cha unga tunachopimiwa, uchimbe handaki kila mchana, na baada ya miezi miwili hilo gauni utalizungusha mara mbili. Mimi sketi yangu ya kanisani naifunga kwa kamba ya katani. Ukinipa hayo mashavu yako nitayapokea kwa mikono miwili na shukrani juu.

Sikuona neno lolote kuhusu blanketi. Labda kuna ukurasa ulianguka mezani kwa Boaz. Mwezi ujao ni Julai, na Julai ya hapa unaijua.

Picha ninayo. Naitazama.

Gathoni

*

Thika,
12 Septemba 1956

Kwa wifi yangu Gathoni,

Natumaini hii inakukuta ukiwa mzima. Nimechelewa. Si kwamba nilikuwa na kazi, nilikuwa nakaa kitandani jioni na kalamu mkononi na neno haliji. Watoto wazima. Ndinda anatembea, anaita kila mwanamume aliyevaa kofia "baba", na wanaume wenyewe wamezoea, wanamjibu.

Haluli nimeiacha. Ilinitoa maji tu, nikinywa yanarudi. Magdalene ameniagizia mkanda kutoka duka moja la Nairobi, wa mpira mweusi mnene wenye ndoano kumi mbele. Unavaliwa chini ya nguo mchana kutwa, mpira unachemsha mafuta yanayeyuka, ndivyo alivyoeleza. Ni wa pesa nyingi. Nilitoa za mishahara mitatu na bado namalizia. Nikiuvua jioni, ndoano zimejiandika tumboni, na nikipapasa hapo sisikii kitu, ni kama nagusa meza.

Chakula cha adhuhuri nampa mwenzangu. Maziwa nimejinyima mimi peke yangu, ya watoto sijayagusa, usije ukafikiri.

Sasa naomba jambo. Ile picha ya ubatizo nirudishie. Nataka kuichoma. Sitaki ibaki mahali mtu anaweza kuiona, na zaidi ya wote sitaki Kagwe aione. Tumesikia kambini wameanza kuachilia wachache wachache. Ningependa akija asijue kamwe kama nilifikia hali hiyo.

Kwa baridi, poleni.

Ni mimi,
Syombua

*

Ruiru,
28 Oktoba 1956

Mama Wamboi,

Sisi tupo. Kahawa imeiva, tunachuma mpaka giza.

Picha imeliwa na panya. Pole.

Sina la zaidi.

Gathoni

*

Thika,
5 Mei 1957

Kwa wifi yangu Gathoni,

Miezi mingi hatujaandikiana. Sikukasirika, na natumaini nawe hukukasirika. Ile ya picha ni heri, panya wamenisaidia.

Watoto hawajambo. Wamboi yuko darasa la pili na ndiye anayenisomea gazeti. Mwezi wa tatu nilianguka kiwandani, nikaamka nimelazwa juu ya makasha ya mikebe na Muasya ananipepea kwa kofia yake. Alisema niende nyumbani siku hiyo na mshahara wa siku hautakatwa. Ni mtu mwema. Usiwaze, sikuumia.

Nimekwisha kumaliza kuulipia ule mkanda wa kwanza, sasa nimenunua wa pili, mdogo zaidi. Gauni linapita mabegani. Linafunga vifungo viwili vya chini. Viwili vya kifuani bado. Unajua nilifikiri siku hiyo nitaruka? Niliketi tu kitandani nikavihesabu tena. Njaa yenyewe haiji siku hizi, nakula ndizi moja saa kumi kwa sababu ni saa kumi.

Lakini sikiliza. Nimepata barua ya Kagwe, karatasi moja tu kama wanavyoruhusiwa, ya kwanza tangu mwaka juzi. Anasema afya yake ni nzuri, najua si kweli. Kisha anasema, nanakili kama alivyoandika: "Nakuona kila siku. Unanipa furaha ya kuamka. Baki hivyo hivyo, usipungukiwe na kitu mpaka nije."

Umeona? Ananiona kama alivyoniacha, ndani ya gauni. Zaidi ya miaka miwili amelala na picha hiyo kichwani. Nimefanya vema kuanza mapema. Vimebaki vifungo viwili.

Ni mimi,
Syombua

*

Ruiru,
30 Juni 1957

Mama Wamboi,

Barua yako nimeipata, Boaz hakuichelewesha. Aliniletea mwenyewe mpaka mlangoni, akaniuliza kama yule wifi wangu wa Thika anaumwa. Hata Boaz.

Syombua, acha huo mkanda. Nakuambia kama dada wa mume wako, ambaye nina haki ya kukuambia. Acha, ule. Usiniulize kwa nini. Wanaume wa kwetu wanapenda kumkuta mke ameshiba, ndiyo heshima yao, umekaa nasi miaka yote hii na hilo hujalijua? Tena hujui yeye anakuona namna gani. Mtu huweza kuwa anaona kitu kingine.

Kama ni gauni, nenda kwa huyo fundi Urbanus akushonee lingine la buluu, pana, la kukutosha ulivyo. Kwa mbali buluu ni buluu. Na aliomba akujue kwa mbali, hakuomba akupime.

Naandika hivi na sipati raha kuandika. Kuna mambo mtu hufanya akiwa na baridi. Basi.

Ule.

Gathoni

*

Thika,
2 Machi 1958

Kwa wifi yangu Gathoni,

Salamu na habari njema. Jina la Kagwe limesomwa. Ataletwa Thika mwezi ujao, kwenye boma la D.O., yule ofisa wa serikali, atasaini hapo na kuachiliwa. Nimeambiwa nisimwambie kila mtu, nakuambia wewe na Boaz.

Gauni linafunga vifungo vyote. Lilianza kufunga Novemba, sikukuandikia. Nikaendelea kidogo ili nisije nikarudi nyuma, na Krismasi likaanza kuning'inia, ikabidi nimpelekee Urbanus alipunguze kiunoni. Alichukua vipimo, akavichukua tena. Hakunitania. Alikataa pesa.

Ulivyoniambia nishone jingine, nililifikiria, sitasema sikulifikiria. Lakini alisema ile, hakusema buluu yoyote. Na nilikuwa nimekwisha kulipa sana kuishia njiani. Uliponiambia nisikuulize kwa nini, sikukuuliza.

Watu wananiuliza kama nafurahi. Najibu ndiyo. Naosha nguo za watoto, napaka chumba chokaa, namfundisha Ndinda asimwite baba mtu mwingine mwezi huu.

Ni mimi,
Syombua

*

Thika,
20 Aprili 1958

Kwa wifi yangu Gathoni,

Kaka yako amefika. Ni mzima. Amekonda sana na meno mawili ya mbele hayapo, lakini anatembea vizuri na usiku hapigi kelele. Nilitaka ulijue hilo kwanza.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu watu watakueleza na watachanganya.

Tulisimama nje ya seng'enge ya boma tangu asubuhi, wanawake wengi. Nilivaa gauni. Nilikuwa nimemshika Gathogo mkono, na Wamboi kando. Ndinda alikuwa amechoka, akabebwa na Waithira, yule muuza uji ninayekaa naye jirani, mwanamke mnene wa moyo mzuri. Wakafungua lango wakawatoa mmoja mmoja. Nilimjua Kagwe kwa mabega. Nikasimama wima kabisa ili gauni lionekane. Alikuja moja kwa moja upande wetu, macho ameyainua, anatafuta. Akanitazama. Akanipita.

Wifi, alinipita kama mtu anavyopita mlingoti. Mkono wa koti lake uliligusa gauni langu.

Alikwenda mpaka kwa Waithira. Akasimama mbele yake, akamtazama mtoto, akamtazama yeye, akatoa kitu kutoka mfuko wa ndani wa koti akalinganisha. Waithira alishikwa na aibu mpaka ndoo ya uji miguuni pake ikamwagika. Ndipo Wamboi akapiga kelele, "Baba! Mama ni huyu! Mama yuko hapa!"

Akageuka. Alinitazama muda mrefu, kuanzia viatu. Kisha akauliza, si kwa sauti kubwa, "Nani amekunyima chakula?"

Nilimpokea Ndinda kutoka kwa Waithira.

Alichokuwa nacho mkononi ni picha yetu ya ubatizo. Imechakaa pembeni, imeshonewa kitambaa kwa nyuma kwa uzi wa viatu. Mashavu yangu yamefifia kwa kushikwashikwa, lakini yapo. Anasema ilimfikia kambini katikati ya mwaka hamsini na sita, ndani ya bahasha yenye mwandiko wako. Barua iliyoandamana nayo hakupewa, ofisi ya kambi iliizuia, wakampa picha peke yake. Hajui ilisema nini. Mimi pia sijui, na sikuulizi.

Alikaa akanieleza mengi usiku huo kuliko alivyowahi kunieleza jambo lolote. Kwamba picha ilipofika alikuwa ameacha kula, hata wenzake walikuwa wamekwisha kukichukua kijiko chake. Akaiona. Akasema, kumbe huko nje dada yangu anamlisha mke wangu, mtoto amezaliwa na mama yake amenona kama inavyotakiwa, basi nyumba yangu ipo. Akaomba kijiko chake. Wenzake walikuwa wanakuja kuiangalia siku za Jumapili, anasema kuna mzee mmoja aliyekuwa akiomba aishike tu. Wote walikuwa wakisema una dada, Kagwe.

Nikamwuliza, na gauni? Alifikiri. Akasema, "Gauni gani?"

Sikulia wakati huo wala sasa. Nilivua nikalikunja. Asubuhi aliukuta mkanda umening'inia msumarini, akaunusa, akauvuta, akasema ni mpira mzuri sana huu. Hakuuliza ni wa nini. Ameukata vipande na kuwatengenezea watoto ndala. Za Gathogo zina ndoano kwenye kisigino. Wa pili ameuweka kwa wateja.

Kitu cha mwisho. Aliniuliza nimewahi kukupa nini wewe uliyenilisha. Aliuliza mara ya pili, nikasema uliomba blanketi. Aliliondoa lake alilotoka nalo kambini, lile la kijivu, akaenda kulifua. Ameomba pasi ya siku moja aje Ruiru. Atakuja nalo.

Ni mimi,
Syombua

*

Ruiru,
18 Mei 1958

Kwako Syombua,

Salamu zako zimefika. Wangeci hajambo. Mvua ni nyingi.

Kagwe alikuja Jumapili iliyopita, walimpa tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja. Alinikuta uwanjani baada ya ibada, watu wote wamesimama. Hakunisalimu kwanza. Alivua kofia akatangaza mbele yao kwamba mimi Gathoni ndiye niliyemlisha mke wake alipozaa, na kwamba nilimtumia picha kambini ili ajue, na kwamba yeye yu hai kwa sababu hiyo. Wanawake walipiga vigelegele vitano kama mtoto wa kiume amezaliwa. Boaz alikuwepo amesimama karibu na mlango wa kanisa. Barua yangu ya mwaka ule aliisoma kabla haijaondoka, anajua sikuituma picha ili kumfurahisha mtu. Alitazama chini, akaondoka kabla hawajamaliza.

Niliinamisha uso. Kagwe alidhani ni machozi, akanishika bega.

Umesema huniulizi, nami nimeona umeandika hivyo. Asante.

Nakutumia kiondo kwa mkono wa jirani aliyepata pasi ya Thika, kiko pamoja na barua hii, kwa hiyo mara hii Boaz hakupitia kitu. Ndani yake ni njahi. Nilipanda mistari mitatu nyuma ya nyumba walipotufungulia kulima, na ni mavuno ya kwanza, sijaonja. Loweka usiku kucha, chemsha mpaka zipasuke, ponda na ndizi mbivu, tia mafuta. Ule kabla ya watoto. Ukimaliza niambie, nitaleta nyingine mwenyewe, nitasimama tena mlangoni kwa ofisa.

Blanketi nimelipokea. Ni zito, ni zuri, lina namba yake pembeni. Nimemfunika Wangeci. Lina nafasi ya watu wawili, na yeye huninyooshea ncha usiku ananiita. Mimi bado najifunika gunia.

Gathoni